Forester imeinuliwa, sasa inalia: kutafuta chanzo kabla ya kununua spea

Masika yakikaribia, gereji yetu hapa Moshi hupokea magari ya aina moja: Subaru Forester, RAV4 au X-Trail ya kwendea kazini, ambayo mwenyewe ameinyanyua nyumbani ili imfikishe Kibosho au Uru barabara zikigeuka sabuni. Amefunga spesa (vipande vya kuongeza kimo) juu ya shokapu, amebadilisha matairi, amechomelewa bampa la bomba, ameongeza taa za spoti. Gari limependeza. Wiki mbili baadaye linaanza kulia, na maneno huwa yale yale: "Fundi, ilikuwa nzima kabisa, nimeiinua tu."

Hapo kwenye "nimeiinua tu" ndipo pa kuanzia. Ukanda huu, hasa Arusha, mafundi wengi wamejifunzia kazi kwenye Land Cruiser za watalii. Land Cruiser ile ina ekseli nzima mbele na nyuma. Ukiinua bodi, difu (boksi la gia linalogawa mvuto kwa matairi ya kushoto na kulia) inabaki chini pamoja na matairi, na shafti zilizo ndani ya ekseli hazibadiliki chochote. Ni propela tu, shafti ndefu inayopeleka mvuto kwenye difu, inayobadili pembe. Forester difu yake imefungwa kwenye bodi. Ukiinua bodi inchi 2, difu inapanda inchi 2, tairi linabaki ardhini, na shafti fupi inayoziunganisha inalazimika kulala kwa pembe ambayo kiwanda hakikuikusudia. Kazi ambayo kwenye Land Cruiser ni ya mchana mmoja, kwenye gari hili inagusa shafti, bushi (raba za maungio), mipira ya breki na usukani.

Kwa hiyo dalili ikitokea, anza na kitu kilichoguswa mwisho, kisha jirani yake. Spea iliyochakaa yenyewe iwe ya mwisho kulaumiwa.

Na kabla hujaingia chini: jeki peke yake haishikilii gari. Weka stendi mbili au magogo mazito chini ya sehemu imara ya bodi, zuia matairi yaliyobaki kwa mawe, uwe kwenye sakafu ngumu. Udongo mwekundu wa uani ukilowa, jeki inazama huku unaangalia.

Gari linatetemeka

Hili ndilo linaloongoza, na ndilo linalopoteza hela nyingi kwa sababu mtetemo una vyanzo vitano vinavyofanana. Vitenganishe ukiwa barabarani, siyo gereji. Tafuta kipande cha lami kilichonyooka na kitupu, uende na mtu wa kukusaidia kusikiliza.

Kama linatetemeka kuanzia spidi 80 na kuendelea, uwe umekanyaga mafuta au umeachia, chanzo cha kwanza wakati wa mvua ni tope. Tope la mfinyanzi huingia upande wa ndani wa rimu, likakauka upande mmoja, na tairi likapoteza balansi. Nimeona watu wamenunua shafti mpya kwa sababu ya tope. Osha rimu kwa ndani, kwangua kwa kijiti, jaribu tena. Likiendelea, peleka wili balansi, na uwaambie wakague pia kama rimu imepinda; mawe ya barabara ya Natron hupinda rimu ya alumini bila tairi kupata pancha.

Tatu kwa wingi ni spesa za rimu, zile za kuitoa tairi nje. Kama tundu lake la katikati halishiki habu (kitovu cha tairi) sawasawa, tairi linabebwa na stadi (bolti za tairi) peke yake na halikai katikati. Zitoe kabisa, uendeshe bila hizo. Mtetemo ukiisha, umepata jibu, na ushauri wangu ni usizirudishe. Stadi iliyokatika haitoi taarifa.

Sasa mtetemo wa aina nyingine: unakuja ukikanyaga mafuta, mara nyingi kati ya spidi 40 na 80 au ukipanda mlima, na unapotea papo hapo ukiachia. Huo ni jointi ya ndani ya shafti ya mbele, ile iliyo upande wa gia boksi, ikifanya kazi kwenye pembe kali kupita kiasi. Fanya hivi: pima kwa futi kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa bodi juu yake, pande zote nne, uandike. Linganisha na gari kama lako ambalo halijaguswa. Tofauti ikizidi milimita 50, shafti zako hazina kosa. Urefu ndio umezidi.

Dawa rahisi ni kupunguza spesa za juu ya shokapu. Inchi 1 hadi 1.5 Forester huvumilia vizuri, na kwa barabara za Machame au Rau inatosha kabisa. Dawa ya ndani zaidi ni kuishusha krosimemba (chuma cha kukingama chini ya injini) kwa spesa zake na bolti ndefu zenye alama ya 10.9 kichwani, ili injini, gia boksi na difu ya mbele zirudi karibu na kimo cha matairi. Hapo simama, mtafute fundi wa magari haya. Krosimemba ndiyo imebeba usukani; ikishuka, kiungo cha fimbo ya usukani kinavutwa. Kazi hiyo haifanywi kwa kukisia.

Kama mtetemo uko chini ya kiti, unavuma zaidi gari linapoanza kuondoka, angalia beringi ya kati ya propela. Raba yake hupasuka.

Kra-kra-kra kwenye kona

Sauti ikija ukikata kona kali, ni jointi ya nje. Lakini jointi haifi bure: raba yake ilipasuka kwanza, grisi ikatoka, vumbi likaingia. Kwa hiyo ukaguzi ni wa macho. Kata usukani mpaka mwisho, mulika tochi nyuma ya tairi, tanua mikunjo ya raba kwa vidole. Grisi iliyorushwa kwenye upande wa ndani wa rimu ni ushahidi tosha. Ukiiwahi raba kabla jointi haijalia, unabadilisha raba na grisi tu. Ikishalia, badilisha jointi. Usipuuze raba ya ndani iliyo karibu na bomba la moshi. Joto huikausha, na pembe mpya huimalizia.

Gari linagoma kwenye kona

Mteja huja akisema, "Fundi, nikipaki inashika breki yenyewe." Unakata usukani mwisho, unaondoka polepole, gari linaruka-ruka na kukataa kama limefungwa kamba nyuma. Wengi hukimbilia breki. Breki haihusiki. Mbele na nyuma zinalazimishwa kuzunguka sawa wakati kwenye kona hazipaswi kuwa sawa.

Mara nyingi chanzo ni matairi. Mtu amenunua mawili mapya yenye kashata (meno ya tairi) kubwa, akafunga nyuma, mbele akaacha ya zamani yaliyolika. Kwa gari linalovuta mbele tu hiyo ni akiba. Kwa gari linalovuta miguu yote minne ni kuichoma gia boksi taratibu, kwa sababu tairi dogo linazunguka mara nyingi zaidi kila kilomita, na tofauti hiyo inalipwa na klachi iliyo kati ya mbele na nyuma. Subaru inataka mizunguko ya matairi isitofautiane zaidi ya robo inchi, yaani kama milimita 6.

Kupima ni rahisi. Jaza upepo sawa kwanza, matairi yakiwa baridi, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Azima futi ya cherehani, ile laini, zungushia kila tairi katikati ya kashata, andika. Ukikuta tofauti ya sentimita 2, umemaliza uchunguzi bila kushika spana. Dawa ni matairi manne ya aina moja na umri mmoja. Najua ni hela. Lakini hata matairi manne ya mtumba yanayolingana ni bora kuliko mawili mapya na mawili yenye vipara.

Matairi yakiwa sawa na gari bado linagoma, linalofuata ni haidroliki ya gia boksi iliyozeeka. Vuta dipstiki, nusa. Ikiwa nyeusi na ina harufu ya kuungua, ibadilishe. Kumwaga mara moja kunatoa karibu nusu tu, kwa hiyo mwaga, jaza, endesha siku chache, mwaga tena.

Kwa Forester nyingi za otomatiki za gia 4 kuna jaribio zuri ambalo wenye magari wengi hawalijui. Ndani ya boneti, kwenye boksi la fyuzi, kuna nafasi tupu iliyoandikwa FWD, yaani mvuto wa mbele tu. Ukiweka fyuzi pale, gari linaachia mvuto wa nyuma, na taa ya FWD inawaka kwenye dashibodi. Zima gari, weka fyuzi, washa, rudia kona ile ile. Kugoma kukiisha, klachi ya ndani bado inaweza kuachia, kwa hiyo rudi kwenye matairi na haidroliki kabla ya kukubali gia boksi ifunguliwe. Kugoma kukibaki vile vile, kuna soleinodi (vali ya umeme) au klachi iliyonata. Simama hapo, kazi hiyo ni ya fundi wa gia boksi. Na fyuzi uitoe baada ya jaribio.

RAV4 za kizazi cha 2005 hadi 2012 na X-Trail zina kifaa cha sumaku ya umeme kinachounganisha mvuto wa nyuma. Ukizungusha matairi kwa dakika nyingi kwenye mchanga wa Engaruka, kifaa kinapata joto, taa ya 4WD inamweka-mweka na nyuma inaacha kuvuta. Hakijaharibika. Simama, acha injini iungurume bila kuzima, subiri kipoe. Taa ikiendelea siku ya pili kwenye lami, rudi kwenye kupima matairi.

Tairi linagusa

Kwanza hesabu, kwa sababu wengi wanatarajia makubwa. Forester ya zamani yenye 215/60R16 ina tairi la kimo cha kama milimita 664. Ukipanda hadi 215/65R16 unapata 686, na 215/70R16 unapata 707. Lakini gari linapanda kwa nusu tu ya tofauti, maana nusu nyingine iko juu ya habu. Kwa hiyo 215/70 inakupa milimita 21 hivi chini ya difu, na inaongeza mzunguko kwa asilimia 6.5: kipima mwendo kikisema 100, wewe unakimbia 106. Kumbuka hilo kwenye vile vibao vya spidi 50 vya Usa River.

Inapogusa, tafuta alama inayong'aa. Ikiwa kwenye plastiki ya ndani ya bampa la mbele ukikata kona, kata plastiki kidogo au ivute kwa klipu. Ikiwa nyuma, angalia kama tairi limesogea mbele ndani ya uwazi wake; shokapu ikishushwa, aamu ya nyuma (mkono wa chuma unaoshika tairi) inazunguka na kulivuta tairi mbele, na dawa ni spesa ya aamu, siyo nyundo. Pa kuogopa ni kikombe cha springi kwenye shokapu. Tairi likikaribia pale chini ya upana wa kidole kimoja, usiendeshe. Kikombe kinakata ukuta wa tairi, na linapasuka ukiwa kwenye mwendo.

Linavuta upande, matairi yanalika kingo

Baada ya kuinua, kila gari lazima liende wili alaimenti. Hili halina mjadala. Matairi ya mbele hulala nje kwa juu, kwa hiyo ukingo wa nje unalika kwanza. Subaru ina bolti ya juu ya shokapu ya mbele iliyotengenezwa kuchezesha kemba, yaani mlalo huo wa tairi. Mwambie fundi aitumie, maana wengine hurekebisha tairodi peke yake na kukurudishia gari.

Kuna kosa jingine linalorudi kila mwezi na halionekani kwa macho. Bolti za bushi hukazwa gari likiwa bado limening'inia kwenye jeki. Gari likishuka, raba ya bushi inabaki imesokotwa masaa yote, na baada ya miezi michache inachanika. Dawa haina gharama: legeza bolti za bushi, shusha gari likae kwa uzito wake, litikise mara kadhaa, ndipo ukaze. Kisha alaimenti.

Linagonga kwenye matuta

Pita tuta polepole, usikilize linagonga wakati gani. Likigonga tairi linapopanda, kagua nati tatu za juu ya shokapu. Baada ya kilomita 100 za kwanza za barabara iliyojikunja kama bati, lazima zirudiwe kukazwa. Nati za tairi pia, karibu Nm 100 (kipimo cha nguvu ya kukaza), na usitumie nguvu ya bomba refu.

Likigonga tairi linaposhuka upande wa pili, shokapu imefika mwisho wa urefu wake. Hiyo hutokana na spesa iliyowekwa kati ya springi na kikombe cha juu, au zile raba zinazosukumwa katikati ya mizunguko ya springi. Raba hizi ni za bei nafuu na zinauzwa kila mahali, nami sizipendi kwa gari la porini: zinazuia sehemu ya springi kufanya kazi, na springi inakatika pembeni ya raba.

Iliwahi kuletwa Forester kutoka Machame yenye spesa zilizokatwa kwenye tairi kuukuu la lori. Kila raba ilikuwa imeshindiliwa kwa kiasi chake, nati zote zimelegea, shokapu moja inacheza kama jino bovu. Mwenye gari ana watoto watatu anaowapeleka shule na gari hilo. Tafadhali: spesa ni alumini au chuma kilichochongwa na mtu wa lathe, na stadi ndefu zinazofaa. Stadi fupi zilizochomelewa kuongezwa urefu, usizikubali.

Hapa ndipo pa kufanya ukaguzi ninaoujali kuliko wote. Inua gari mpaka tairi lining'inie kabisa. Kata usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia. Mpira wa breki lazima ubaki na ulegevu pande zote mbili, na waya wa ABS pia. Waya ukivutika, taa ya ABS inawaka, na hiyo ni onyo la upole. Mpira ukivutika hauna taa. Ukiukuta umenyooka kama kamba ya nguo, una mpasuko au umelowa, gari lisitoke hapo lilipo mpaka fundi wa breki aje.

Joto linapanda

Kutoka Moshi mjini hadi lango la Marangu unapanda kutoka kama mita 900 hadi zaidi ya 1,800. Ndipo bampa la nyumbani linapoonyesha makosa yake. Spoti mbili na sahani ya namba vikikaa mbele ya rejeta, hewa haipiti. Vitoe, panda tena. Kisha angalia kati ya kondensa ya AC na rejeta: vumbi na majani hujazana hapo, na kwa nje huoni kitu. Osha kwa maji ya mpira yasiyo na presha, ukitokea upande wa injini kwenda nje. Tatu ni gadi ya chini iliyokatwa kwa bati zima bila matundu. Inafungia joto na kukusanya tope. Toboa, na uache nafasi ya kumwagia oili.

Baada ya hapo ndipo feni, mfuniko wa rejeta, themostati na pampu. Usifungue mfuniko wa moto. Maji yakipungua bila kuvuja popote, au mapovu yakitoka kwenye chupa ya akiba injini ikiunguruma, zima na uite fundi. Hedigasketi ikishaanza, kila kilomita unayoongeza inapindisha hedi.

Na bampa la chuma nene mbele ya eabegi linabadilisha jinsi gari linavyopokea ajali. Usikate wala kuchomelea chochote karibu na sensa zake.

Spoti zinazima, swichi inapata moto

Baa ya wati 180 kwa volti 12 inakula ampia 15. Waya wa taa ya kawaida hauziwezi. Weka relei, waya wa milimita 2.5 mraba au zaidi, fyuzi ya ampia 20 karibu kabisa na betri, na arthi kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Waya unaopita ukuta wa injini upite kwenye raba. Nyaya zilizovikwa ganda la njano ni za eabegi, usiziguse. Ukisikia harufu ya plastiki kuungua, chomoa betri kwanza, maswali baadaye.

Baada ya kuvuka maji

Korongo likijaa, difu iliyo moto inatumbukia kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia sili au bomba la kupumulia. Kesho yake fungua bolti ya kujazia, chovya kidole. Oili ikiwa rangi ya chai ya maziwa, mwaga siku hiyo hiyo. Sili zikivuja mara kwa mara, zibua bomba la kupumulia kabla ya kununua sili nyingine. Likiziba, presha inatafuta pa kutokea. Lirefushe kwa mpira hadi juu.

Snokeli ya bomba la plastiki ina kasoro kwenye maungio. Ungio lililo kabla ya chujio likivuja, maji yanaingia. Lililo baada ya chujio likivuja, vumbi la Kisongo linakwenda moja kwa moja kwenye silinda. Yote yabanwe kwa klipu za chuma.

Injini ikizimika ndani ya maji, usipige stata tena, hata mara moja. Fungua boksi la chujio la hewa. Likiwa kavu, inaweza kuwa umeme tu umelowa, subiri likauke. Chujio likiwa limelowa, huenda maji yamefika kwenye silinda, na maji hayabanwi. Stata itapinda fimbo za pistoni. Plagi zitolewe na fundi kwanza. Ukiita brekidauni, taja kwamba gari linavuta miguu yote minne na sisitiza waje na la kubeba gari zima. Likiinuliwa mbele tu na nyuma ikaburuzwa hadi mjini, utafika na gia boksi iliyoungua juu ya injini iliyolowa.